Marehemu wa Bustani

Kwenye ramani, nukta za waombolezaji zilitoka mbio Mikungu baada ya adhuhuri. Zilitoka zote kwa pamoja, zikavuka daraja la Mto Lusonge zimebanana kama siafu, zikapanda barabara ya lami ya Bustani, zikaingia kwenye kibanda cha mlinzi wa Mheshimiwa Malebeto na kutulia humo.

Chilongola alivuta kiti karibu na meza ya ramani. Alikuwa mwenzake Mwantumu wa zamu, mtu wa Dodoma, mwenye kitambi cha heshima na tabia ya kupangusa kioo kwa tai yake.

"Dada Mwantumu, kile kibanda kina ukubwa gani?"

"Kina kitanda kimoja na jiko la mkaa. Jiko likiwashwa, kitanda kinatolewa nje."

"Basi Bi Hasara anasema kina watu mia mbili na ushee."

Bi Hasara ndilo jina ambalo watu wa Lusonge waliupa ule mtambo wa ramani. Jina lake la ofisini lilikuwa refu, limejaa maneno kama "jumuishi" na "stahimilivu", na hakuna aliyelikumbuka isipokuwa wale waliolipwa posho ya kulitunga. Setilaiti zilimwonyesha umbo la kila kilima. Vipimamaji vilivyofungwa kwenye mawe ya mtoni vilimnong'oneza kina cha maji. Alijua kila nyumba, kama ni ya tofali au ya udongo, kama ina bati au vigae, kama sebuleni kuna kochi la ngozi au mkeka. Na kila mkazi alivaa kikuku mkononi, ili naye aonekane kama nukta ya kijani. Bwawa la juu likijaa, Bi Hasara alipima upande gani wa mji ungepoteza kidogo, akavipigisha kengele vikuku vya upande huo ili watu wahame, kisha akafungua mlango wake wa bwawa. Mlango wa kushoto uliimwagia Mikungu, wa kulia Bustani. Kuacha yote miwili imefungwa kulikuwa ni kulipasua bwawa na kuusomba mji mzima. Zamani mafuriko yalikwenda yanakotaka, kama mlevi. Siku hizi yalielekezwa kiti cha kukaa, kama mgeni rasmi.

Vikuku vile mwanzoni vilipima na joto la mwili. Lakini wazee wenye mikono baridi wakawa wanatangazwa maiti asubuhi, jioni wanaonekana sokoni wakinunua dagaa, na Idara ya Hasara, wenye mtambo, ikaona aibu. Badala ya kurekebisha kipimo, ikakizima. Tangu siku hiyo kikuku kilihesabiwa mtu popote kilipo, hata kama kimelala juu ya friji.

Watu wa Bustani walilielewa jambo hilo haraka kuliko walivyowahi kuelewa jingine lolote. Vichwa vingi ndiyo kinga ya nyumba, basi wakaviacha vichwa kabatini, wenyewe wakaenda kukaa mjini pwani kwenye viyoyozi. Watu wazima, wengine mvi zimefika kwenye nyusi! Walirudi Lusonge sikukuu hadi sikukuu, kukagua kama ukoka umefyekwa. Mheshimiwa Malebeto alikuwa na droo nzima: kikuku chake, cha mkewe, vya watoto wanaosoma ng'ambo, cha mama mkwe, na cha dada yake mama mkwe, aliyezikwa miaka mingi nyuma ambaye kwenye ramani bado alikuwa anaangalia televisheni. Watumishi hawakupewa. Kumsajili mtumishi ni kukiri kwamba umemwajiri, na ukishamwajiri ana likizo, na likizo kwa watu wale ilikuwa kitu cha wao wenyewe tu.

"Labda wana mkutano," alisema Chilongola.

Mwantumu alicheka, ingawa siku ile hakuwa na haki ya kucheka. Waombolezaji wale walikuwa wa kwake. Mama mkubwa wake, Semeni, alizikwa asubuhi ile, na Mkurugenzi Lwambano alimnyima ruhusa. "Mama mkubwa si mama," alimwambia bila kuinua macho kwenye simu. Kwa watu wa kina Mwantumu, ambao ardhi na ukoo hupita kwa wanawake, mama mkubwa ni mama, hakuna cha zaidi. Lakini utamweleza nini mtu aliyesoma mpaka akasahau aliyembeba mgongoni?

"Si mkutano," alisema. "Ni watani. Vikuku vina tabia ya kulia lia wakati wa dua, kwa hiyo kwetu msibani watu huvivua, vikawekwa kwenye ungo mlangoni. Leo Mikungu nzima iko msibani, na watani wameuiba ungo. Hawaurudishi mpaka wapewe kuku."

"Wizi msibani?"

"Mtani asipoiba msibani, huyo kaja kula tu."

Chilongola alikuwa anataka kuuliza zaidi, lakini meza ililia. Juu milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na bwawa lilikuwa limefika kwenye alama nyekundu. Bi Hasara alizungumza kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa vipodozi: "Upande wa kushoto, nyumba za udongo, wakazi hakuna. Mlango wa kushoto utafunguliwa baada ya nusu saa. Asanteni kwa kupunguza hasara."

*

Mkurugenzi Lwambano alikuwa Arusha, hotelini, kwenye kongamano, akisubiri kupewa ngao kwa ajili ya ramani ile ile. Alipokea simu akitafuna.

"Mkurugenzi, Mikungu kuna msiba. Watu wamejaa uani, wametoka makaburini, wanakula. Vikuku vyao viko ng'ambo."

"Ramani inasema nini?"

"Inasema hakuna mtu."

"Basi hakuna mtu."

"Mama yangu mzazi yuko pale! Wadogo zangu wako pale!"

"Ndiyo faida ya kuwa na ramani, Mwantumu. Ramani haina mama." Akashusha sauti, si kwa huruma, ila kwa sababu makofi yalikuwa yanaanza ukumbini. "Ukitaka kubadilisha, dole ni lako na jina ni lako. Mimi nimeshakuambia ufuate ramani. Naitwa jukwaani."

Akakata.

Mwantumu aliangalia daraja kwenye ramani. Maji ya mto yalikuwa yameshalifunika, na Mikungu haikuwa na njia nyingine ya kutokea. Akaweka dole gumba karibu na kioo cha amri. Msimamizi wa zamu pekee, siku ile yeye Mwantumu, ndiye aliyeweza kumpindua Bi Hasara. Kanuni hiyo aliitunga Lwambano mwenyewe, ili lawama zisipande ngazi kumfuata.

"Ngoja," alisema Chilongola. "Nikuulize kitu, na usinikasirikie. Wale wangekuwa si ndugu zako, ungeweka hicho kidole?"

"Sijui."

"Basi si jibu hilo."

"Ndilo nililo nalo."

"Bustani nako kuna watu, dada. Si wale wa droo. Kila nyumba ina mpishi, ina mlinzi, ina binti wa kufua. Bi Hasara hawaoni, lakini wewe unawaona. Yeye anaua kwa kutojua. Wewe utaua kwa kujua. Mimi hapo nisingependa kuwa wewe."

Alilisema bila ubaya, akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mwantumu aliona kwamba mtu huyu, kwa vitendo, hangemsaidia wala kumzuia. Idara ilijaa watu wa namna hiyo, wapole kama uji.

Kengele za hatari zililia kupitia vikuku peke yake. Watumishi wa Bustani hawakuwa na kikuku hata kimoja, na vya mabwana zao vilikuwa vimefungiwa kabatini. Lakini kulikuwa na ungo.

*

Alifungua sauti kwenye vikuku vyote vya ungo kwa pamoja.

"Nani aliyeuchukua ungo wa msibani?"

Kitu kilianguka huko kibandani, kama sufuria. Kisha sauti ya mwanamke: "Mzimu wa Semeni! Hata hajapoa, ameshaanza kudai vyake!"

"Ni mimi, Mwantumu, mwanawe."

"Aa, mtani!" Alikuwa Mosi Mloka, mpishi wa Mheshimiwa, mwanamke ambaye sauti yake ilifika popote kabla yake. "Leta jogoo. Siyo kile kifaranga mlichotupa msiba wa mjomba wenu. Na usijifanye unalia. Mama yenu yule alikuwa mchoyo, hata kifo kilipokuja kumchukua kilifunga chakula chake cha njiani."

"Dada Mosi, tuweke utani kando."

"Msibani? Utauweka kando wapi, we mtoto, na hapa ndipo nyumbani kwake?"

"Maji yanakuja."

"Yanakuja wapi?"

"Bi Hasara anayapeleka Mikungu. Anaona hakuna mtu kule, kwa sababu watu wote mmewabeba ninyi kwenye ungo."

"Tuwarudishie!" Mosi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Tunakuja mbio, mtani, tunawarudishia sasa hivi!"

"Daraja limezama."

"Ee Mungu wangu. Tulikuwa tunacheka tu."

"Najua. Sasa nisikilize. Maji nitayaleta huko kwenu."

"Kwetu?"

"Pandeni kilima cha minara. Pita nyumba kwa nyumba, gonga kila geti, toa kila mtu, na huo ungo utembee nao ili nikusikie."

Mosi alivuta pumzi. "Una roho ngumu, Mwantumu. Umeirithi kwa bibi yako, mama yake Semeni." Kisha akapiga yowe lililovifanya vikuku vyote vikwaruze: "Jamani, tokeni! Acheni pasi! Acheni hiyo nyama ya bwana, aile yeye akija!"

Mwantumu aliufuata ungo kwenye ramani, nyumba hadi nyumba. Kwa Dokta, mpishi na yaya wake wametoka. Kwa yule mwenye mabasi, mabinti wawili wametoka, mmoja amebeba godoro lake, anaambiwa alitupe, hataki. Kwa mwenye ghorofa jekundu, mtunza bustani kiziwi, Mosi amemvuta kwa shati. Chilongola alikuwa ameacha kupangusa. Alikuwa anataja dakika zilizobaki kwa sauti ndogo, na ule ndio ulikuwa mchango wake.

Halafu ungo ukarudi ulikotoka, ukasimama.

"Mzee Sadala, mlinzi wetu, hataki," Mosi alisema, akitweta.

"Mpe kikuku kimoja, nimsikie."

Kikohozi, kisha sauti ya mzee, taratibu, kama mtu anayeongea kwenye kibaraza chake.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Mwantumu.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba."

"Asante, tumeshapoa. Mzee, toka hapo getini. Maji yanakuja, siyo mchezo."

"Nasikia. Lakini mwaka juzi kengele ya moto ya jirani ililia, nikatoka mbio, kumbe hakuna kitu. Mheshimiwa alipokuja sikukuu alinirusha kichura hapa getini, naruka nimechuchumaa, wajukuu zake wanahesabu kwa sauti. Mwanangu, mimi nina wajukuu wenye ndevu. Nilisema moyoni, geti hili sitaliacha tena mpaka aniambie mwenyewe kwa kinywa chake."

Mwantumu akampigia Mheshimiwa Malebeto. Simu iliita ikapokelewa, na nyuma yake kulikuwa na muziki na vijiko.

"Mheshimiwa, hii ni Idara ya Hasara. Nikuunganishe umwambie mlinzi wako aondoke getini. Sasa hivi, tafadhali."

Muziki ulipunguzwa. Kila mtu alijua kwamba simu za Idara zinarekodiwa, na Mheshimiwa alijua pia kwamba kwenye ramani yeye wakati ule alikuwa sebuleni kwake, Lusonge, pamoja na ukoo wake mzima, walio hai na wasio hai.

"Kwa nini uniunganishe?" alisema. "Mimi si niko nyumbani? Nakunywa chai."

"Mheshimiwa, nakuomba. Mtu atakufa."

"Hafi mtu. Nimesimama naye hapa. Nimeshamwambia, anaondoka."

Nyuma yake mhudumu aliuliza: "Bosi, pweza awekewe ndimu?"

Simu ikakatwa.

"Amesemaje?" aliuliza Mzee Sadala.

"Anasema uondoke, mzee."

"Kwa kinywa chake? Mbona sikumsikia?"

"Anasema amesimama hapo na wewe."

Mzee alicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Basi mwambie anishikie geti, niwafungulie mbwa wake."

"Mzee, nakusihi kama mwanao!"

"Kichura ndicho kinachoniuma, mwanangu. Maji nimeshayaona mengi."

Mosi alikuwa akimvuta, mzee ameshikilia nondo za geti kwa mikono miwili. Nyuma yao Mwantumu alisikia watu wakiita kutoka kilimani. Akamwambia Mosi amwache apande. Mosi alitukana, tusi la kweli, lisilo na utani ndani yake, kisha ungo ukaanza kupanda kilima.

"Bado mtu mmoja chini," alisema Chilongola.

"Nimesikia."

Bi Hasara alikuwa ameanza kuushukuru umma. Mwantumu alibonyeza dole gumba kwenye kioo, akalishikilia mpaka mlango wa kulia ulipofunguka wote. Hakugeuza uso. Aliangalia rangi ya buluu ikishuka Bustani, ikiingia barabara ya lami, ikifika kwenye lile geti, ambapo ramani haikuonyesha kitu chochote.

*

Kulipokucha, Bi Hasara alitangaza waliokufa, maiti moja kwa kila kikuku kilichozama. Alitaja jina baada ya jina, maelfu, kwa ile sauti ya vipodozi. Alimtangaza Dokta na mwenye mabasi. Alimtangaza Mheshimiwa Malebeto na mkewe na watoto wao na mama mkwe, na yule dada yake mama mkwe akafa mara ya pili. Redio ilipiga nyimbo za maombolezo. Benki zikafunga akaunti zao siku hiyo hiyo, maana benki zilimwamini Bi Hasara kuliko daktari.

Mikungu haikuingia tone. Watu walimaliza chakula wakiusikia mto unavyonguruma upande wa pili. Mosi alirudisha ungo maji yalipopungua. Wakamletea jogoo, mwekundu, mnene, akakataa kumpokea. Hakuna aliyewahi kuona mtani akikataa kuku wa msiba. Mama yake Mwantumu alimshika binti yake mikono akataka kumshukuru, Mwantumu akamwambia, "Mama, usinishukuru." Mzee Sadala alikuwa ameokotwa kwenye geti lile lile. Mbwa wa Mheshimiwa walikutwa kilimani, wazima, wamekauka manyoya.

Lwambano alirudi na ngao yake ndani ya kitambaa cha mahameri. Marehemu walikuwa wanampigia simu kila saa. Ungewasikia! Wengine walinguruma, wengine walilia kama watoto walionyimwa ziwa. Lakini hakuna aliyethubutu kuja ofisini, kwa sababu mtu wa kufutwa kwenye orodha ya vifo ilibidi aeleze amefikaje kuwa hai, yaani kikuku chake kilikuwa wapi na yeye alikuwa wapi. Kwa hiyo walipendelea kubaki maiti.

"Tumalize hili," Lwambano alimwambia Mwantumu. "Tuwafute wote mara moja, bila maelezo. Tunaandika: hasara ya watu, hakuna. Unajua maana yake? Mafuriko makubwa kuliko yote, na hakuna aliyekufa! Utapanda cheo. Dole lako tu, kanuni inataka dole la msimamizi wa zamu."

"Na Mzee Sadala?"

"Nani?"

"Mlinzi wa Mheshimiwa."

"Hana kikuku. Ramani haimjui."

"Mimi namjua. Nilimwamkia, akaitikia, halafu nikamfungulia maji."

Lwambano akatazama mlango kama umefungwa vizuri. "Mwantumu, ukimwandika huyo umejiandika mwenyewe. Uliua kwa kujua. Ni jela hiyo. Watu elfu tatu hukuwaua, mshukuru Mungu, utafute na mmoja wa nini?"

"Sikumtafuta. Alikuwepo."

Akakataa kutia dole. Wiki zikapita, na marehemu wakaanza kuteseka kwa namna ambayo ingemliza mtu, kama wangekuwa watu wa kuliliwa. Mwenye mabasi alizuiwa kupanda basi lake mwenyewe. Dokta alishuhudia mgonjwa wake akimwombea rehema. Mke mdogo wa Mheshimiwa Malebeto, ambaye mke mkubwa hakuwa na habari naye, alijitokeza na wakili akidai mirathi, na kadhi akawaambia wake wote wawili waingie eda.

Hilo ndilo lililomleta Mheshimiwa. Alitanguliza simu usiku, akaja kesho yake mchana, kwa mlango wa nyuma, amevaa miwani myeusi na kofia ya mkeka, na akakaa bila kukaribishwa.

"Binti," alisema, "nipe karatasi ya kusaini nitoke hapa."

"Hakuna karatasi. Unasema kwa kinywa chako, Bi Hasara anarekodi."

Akakunja uso, akatazama huku na huku, akasema. Kwamba siku ya mafuriko hakuwa Lusonge. Kwamba kikuku kilikuwa kwenye droo.

"Endelea."

"Endelea na nini?"

"Mlinzi wako ulikuwa umesimama naye wapi?"

Jasho lilimtoka chini ya kofia. Chilongola alimsogezea feni, kisha akaonekana kufikiri, akairudisha alipoitoa. Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya kumung'unya, kwamba hakusimama na mlinzi. Kwamba aliombwa amwambie aondoke na hakumwambia. Kwamba mtu huyo alikuwa mwajiriwa wake kwa miaka, na jina lake Sadala, na la pili halijui.

"Mpunga," alisema Mwantumu. "Sadala Mpunga."

"Haya, Mpunga. Sasa fanya basi, binti. Nipo hai?"

Mwantumu alivuta kioo karibu. Alikuwa ameshaaga nyumbani kwao asubuhi ile, na begi lake la nguo lilikuwa chini ya meza.

"Tulia, Mheshimiwa," alisema. "Tunaanza na aliyekufa."

Akaandika jina la mzee herufi kwa herufi, chini yake akaandika la kwake, akabonyeza dole.